Pini Zetu Katika Frigo ya Samaki

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na keki, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu ni kitu gani nilichojifunza katika miaka yangu yote ya kitaluni. Nilijibu kwamba nimejifunza kutomwagilia saa sita mchana. Mkacheka, keki ikakatwa. Jibu lilikuwa la kweli ila halikutosha, ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Vyeo sitavitaja. Vimo kwenye faili, na faili zina watu wake wa kuzisoma. Nitawaelezeni habari ya miche ya pini, ile misonobari yenye majani kama sindano, na jinsi ilivyotufundisha maana ya baridi sisi watu wa Bujumbura, ambao shuka kwetu ni pambo la kitanda.

Nilifika kazini nikitoka shule ya ufundi wa kilimo, nimevaa blauzi iliyopigwa pasi na viatu vyenye kisigino. Aliyenipokea ni Papa Mwenda, msimamizi wa matuta, mzee wa Kikongo kutoka Kivu aliyehamia mjini kwetu zamani sana. Aliviangalia viatu vyangu kwa heshima.

"Viatu vizuri, madamu," alisema. "Viache mu biro. Vitakungojea." Nikaviacha ofisini.

Nilikaa wiki tatu nimepiga magoti, nikihamisha miche midogo kutoka kwenye trei ya mbegu na kuitia katika vifuko vya plastiki. Papa Mwenda alisimama nyuma yangu. "Shika jani, usishike shingo. Jani ikikatika, mti itaota ingine. Shingo ikivunjika, umeua." Alinionyesha pia kwamba pini haikui katika udongo wowote. Ni lazima uchanganye na udongo kidogo uliochotwa chini ya pini za zamani, wenye nyuzi nyeupe kama uzi wa buibui. Nilimwuliza ameyasoma wapi hayo. Akasema amesoma kwa kuua miche elfu moja, na kwamba shule hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Jambo lingine alilonisisitizia lilikuwa kuchora ramani ya kitalu kwenye daftari, kila safu na asili ya mbegu yake, na kuiweka daftari hiyo ofisini. Vijiti vya alama vilivyochomekwa kwenye safu, alisema, ni mbao tu. Nilimsikia vizuri. Kuchora nikaahirisha.

Kabla ya vita tulipanda mara moja pamoja mpaka kwenye milima ya juu, mwezi wa Septemba, kukagua shamba la majaribio lililokuwa bondeni. Pale palikuwa na pini za aina moja, zile zenye sindano ndefu zinazoning'inia, lakini mbegu zake zilitoka nchi zenye hali ya hewa tofauti. Safu moja ilikuwa ya kijani, imenawiri. Safu ya jirani yake ilikuwa vijiti vikavu vya rangi ya kahawia. Udongo mmoja, maji yale yale, aliyezipanda mtu mmoja. Mlinzi wa shamba alituambia kwamba mwezi wa Saba, asubuhi tatu mfululizo, nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe kama zilizomwagiwa unga. Hiyo ndiyo jalidi, baridi inayogandisha umande. Watu hudhani kwamba katika nchi ya jua haipo. Juu ya milima yetu ipo, na hupenda kukaa mabondeni, ambako hewa nzito ya baridi hushuka na kutulia.

Papa Mwenda alinieleza mambo ambayo walimu wangu waliyapita haraka. Mche hauzaliwi ukiwa umekomaa kwa baridi. Hujiandaa polepole, wiki baada ya wiki, kadiri ubaridi unavyoongezeka. Huacha kurefuka, shina likakaza, maji yaliyomo ndani yakapungua. Ila kila mbegu ina saa yake, iliyoirithi huko ilikotoka. Ile iliyotoka milima mirefu huanza kujiandaa mapema, kwa dalili ndogo tu. Ile ya vilima vya joto huchelewa, au haianzi kabisa, na jalidi huikuta bado inarefuka.

Vita vilipoingia, ile barabara ya kwenda juu haikuwa yetu tena. Mbegu zote zikabaki mjini, katika kitalu chetu cha kaskazini, si mbali na Ngagara nilikokaa. Tulikuwa na makundi manne ya ile pini: moja kutoka milima mirefu ya Meksiko, moja kutoka vilima vya chini vya Amerika ya Kati, moja kutoka nyanda za juu za kusini mwa Afrika, na moja kutoka miti ya hapa kwetu iliyopandwa zamani. Tuliendelea kuotesha. Sikujua tunaotesha kwa ajili ya nani, lakini mche hauulizi, na sisi tulihitaji mahali pa kwenda asubuhi.

Katika mwaka wa tatu wa vita ikaja habari kwamba mvua zikianza, msafara wenye askari utapeleka vifaa kwa watu waliokuwa wanarudi kwenye mlima mmoja huko juu. Walikuta miti yao yote imekatwa. Hakuna nguzo ya nyumba, hakuna kuni. Waliomba miche, na sehemu kubwa ya ardhi waliyopewa ilikuwa bondeni. Shefu wetu, mkuu wa kitalu, bwana Anselme, alikubali. Tulikuwa na mbegu ya kufaa. Kazi ilikuwa kuitunza tu.

Wiki chache baadaye risasi zililia siku mbili mfululizo huku kwetu kaskazini. Watu wa mtaa wa Cibitoke walikimbia, sisi wa Ngagara tukakimbia, kila mtu akaelekea upande aliouona una unafuu. Niliporudi kitaluni siku ya sita nilikuta familia kadhaa zimelala humo, chini ya vivuli vya nyasi vya miche. Walikuwa watu waangalifu. Hawakukanyaga tuta hata moja, na mama mmoja alikuwa akimwagilia kila jioni kwa sufuria yake. Lakini walikuwa wanapika, na kuni hazikuwepo. Vijiti vyote vya alama vilikuwa vimeishia jikoni.

Nilisimama mbele ya safu kumi na sita za miche inayofanana kama punje za mchele. Papa Mwenda alikuja, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Daftari iko wapi?"

"Sikuchora, Papa."

Hakunigombeza. Aligeuka akaenda kuongea na wale watu kuhusu mahali pa kuchotea maji, na hilo liliniuma zaidi.

Nilikwenda mwenyewe kwa shefu nikamwambia kosa ni langu. Anselme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye ndugu watatu waliohamia sebuleni kwake. Alifikiri kidogo, akasema, "Bon, Domitila. Chonga vijiti vipya, uandike unavyokumbuka. Nani atajua?"

"Jalidi itajua, shefu."

"Jalidi itakuja mwaka kesho, mwezi wa Saba. Mwaka kesho hatujui nani atakuwa wapi."

Niwaambie ukweli, nilitamani kukubali. Nilirudi kitaluni nikachonga vijiti vinne, nikashika kalamu ya wino mzito, na mkono ukakataa. Nilikuwa nikiwaona watu nisiowajua wakichimba mashimo, wakipanda mti wa vilima vya joto katika bonde la baridi, wakipalilia, wakingoja. Ukimpa mtu mche usiofaa, umemwibia mwaka, na wale watu walikuwa wameshaibiwa miaka.

Papa Mwenda ndiye aliyetoa wazo. Safu zilikuwa bado mahali pake, kila safu mbegu yake moja. Kilichopotea ni majina tu. Kama tungeweza kuchukua miche michache kutoka kila safu na kuipitisha kwenye baridi, yenyewe ingetuonyesha imetoka wapi. Kilichokosekana ni baridi. Mjini kwetu, baridi ilikuwa mahali pamoja: kwenye samaki.

Tulikwenda Kajaga, kwa Mama Zawadi, mfanyabiashara wa Kikongo aliyekuwa na vyumba viwili vya baridi karibu na ufuo wa ziwa. Cha mbele kilikuwa cha ubaridi wa kawaida, walikochagulia samaki juu ya barafu. Cha nyuma ndicho walichokiita frigo, na humo samaki wa ziwani, mukeke na sangala, waligeuka mawe. Mama Zawadi alitusikiliza akiwa amekaa juu ya kreti.

"Batu banakuja hapa kutafuta samaki," alisema. "We unatafuta baridi tu?"

"Baridi tu, mama."

"Na iyo miti itafanya nini mule ndani?"

"Mingine itakufa. Tunataka kujua ni ipi."

Alimtazama Papa Mwenda, kana kwamba anamwuliza kama mimi ni mzima. Papa Mwenda akamweleza kwa Kiswahili chao, taratibu, habari ya bonde na watu waliorudi. Mama Zawadi akasema tuulete huo mti auone.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Tulipakia miche kwenye kreti za samaki, tukaiweka katika frigo asubuhi, tukaitoa saa saba mchana. Baada ya wiki moja miche yote, ya safu zote kumi na sita, ilikuwa kahawia. Shefu alikuja kuiangalia. Alinyoosha tu kidole kuelekea vile vijiti vinne vilivyokuwa bado vyeupe mezani kwangu.

Mama Zawadi ndiye aliyetutoa hapo. Tulipokwenda kumshukuru na kumwambia tumeshindwa, aliomba kuiona miche iliyokufa. Alichana kifuko kimoja kwa kisu cha samaki, akatazama mizizi.

"Mi nilizaliwa juu, mu milima ya Itombwe," alisema. "Kwetu asubuhi majani inakuwa nyeupe, lakini ukichimba, udongo haina baridi sana. Baridi ya kwetu inashika juu. Nyie muligandisha mpaka mizizi. Na frigo yangu inapuliza upepo. Kwetu ile baridi inakuja bila upepo, kimya kabisa. Upepo ikipita, haikuji."

Nilikuwa na cheti cha shule na miaka kadhaa ya kazi. Mama yule alikuwa na viazi vya mama yake, alivyoviona vimeungua kwa jalidi akiwa mtoto.

"Tena," aliendelea, "mumetoa miti mu joto ya Bujumbura, mukatupa mu barafu. Hata mutu angekufa."

Tukaanza upya, na safari hii tulifanya kama milima inavyofanya. Tulichukua miche arobaini kutoka kila safu, tukaihamishia Kajaga. Tulipunguza maji, mbolea tukaiacha kabisa. Kila alasiri, kabla ya saa ya kutotoka nje, wafanyakazi wa Mama Zawadi waliiingiza katika chumba cha mbele, chenye ubaridi kama wa usiku wa mlimani. Asubuhi waliitoa, ikae penye mwanga kando ya ukuta. Kila Jumatatu tulitenga michache kutoka kila safu kwa ajili ya chumba cha nyuma. Vifuko tulivizika ndani ya kreti zilizojaa maranda ya mbao, ili mizizi isigande, na juu tukatandika magunia yasiyogusa sindano ili kuzuia upepo. Papa Mwenda alikaa mlangoni na kipimajoto, amevaa koti la mvua na kofia ya sufi, akifungua na kufunga mlango kidogo kidogo ili joto lishuke polepole. Wavuvi walikuwa wakija kumwangalia. Walimwita Daktari wa Pini.

Mambo hayakwenda sawa kila wiki. Jumatatu moja umeme ulikatika katikati ya kipimo, na Mama Zawadi akatutoa ili mlango ubaki umefungwa, samaki wasiyeyuke. Tulipoteza wiki nzima. Miche ilinuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, kiasi kwamba paka wa Kajaga walilisindikiza gari letu mpaka barabarani. Lakini wiki ya pili nilipoitazama miche iliyogandishwa siku saba nyuma, safu nne zilikuwa bado kijani na nyingine zote zimeungua. Nilihesabu mara mbili. Wiki ya tatu, matokeo yale yale. Zile safu nne zilikuwa zimeanza kujiandaa mapema kuliko zote, kwa dalili ndogo ya ubaridi. Milima mirefu ya Meksiko.

Wiki ya tano safu nane nyingine zilianza kustahimili. Nne za mwisho hazikustahimili hata wiki ya nane. Zilikuwa bado zinachipua chipukizi laini, kama hakuna kilichotokea duniani. Hizo zilikuwa za vilima vya joto, hakuna ubishi.

Zile nane za katikati zilikuwa makundi mawili, la kusini na la kwetu, na sikuweza kuyatenganisha. Nilijaribu wiki mbili zaidi. Shefu aliniambia niandike tu lolote kati ya hayo mawili. Nilichonga vijiti nikaandika "Ya kati". Kwenye ripoti nikaandika kwamba sijui. Vijana wangu, mtaandika ripoti nyingi. Neno "sijui" lina nafasi yake humo, na halijawahi kumfukuzisha mtu kazi, ingawa humfanya shefu akune kichwa.

Miche ya Meksiko ilipanda na msafara mwezi wa Novemba kwa ajili ya bonde. Ya kati ilikwenda kwa ajili ya miteremko, ambako hewa ya baridi hupita bila kukaa. Ile ya joto tuliigawa huku chini. Nilichora ramani ya kila kitu katika daftari tatu, nikaweka moja ofisini, moja nyumbani, na moja kwa Mama Zawadi, ambaye aliifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitundika juu ya mlango wa frigo. Papa Mwenda hakuweza kupanda na miche. Magoti yake yalikuwa yamekataa, na baada ya mwaka mpya aliacha kazi, akabaki kwake Cibitoke.

Mwezi wa Saba uliofuata nilipata nafasi katika gari la msafara. Tulifika jioni, nikalala kwa masista wa misheni, na asubuhi mapema nikashuka bondeni nikiwa nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo. Nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya viatu. Mbele yangu niliwaona wanawake watatu wameinama shambani, wakifanya kazi haraka. Nilipokaribia nikaelewa. Walikuwa wanang'oa miche.

Mkubwa wao aliitwa Sezariya. Alinisalimu kwa Kirundi kwa adabu, bila kuacha kung'oa.

"Miti yenu imekufa, madamu," alisema. "Tunataka kupanda viazi kabla ardhi haijapotea bure."

Nilitazama. Shamba lote lilikuwa la rangi ya zambarau iliyochanganyika na kutu. Hapakuwa na mche wa kijani. Mimi nilikuwa nimeyaona mashamba ya juu mwezi wa Septemba tu, na katika frigo hamna jua, na baridi isipokutana na jua miche haigeuki rangi. Sikuwa nimewahi kuona pini ikiwa katikati ya baridi yake. Nilifikiria wiki zote zile, maranda, kofia ya Papa Mwenda, na uso wa shefu nitakapomweleza.

Kisha nikapiga magoti, kwa sababu ndicho nilichofundishwa kwanza. Nilishika sindano. Zilikuwa laini, hazikukatika. Mti uliokufa, sindano zake hukatika. Nikakwaruza gome la shina kwa ukucha, kidogo tu. Chini yake palikuwa kijani, kijani kibichi chenye maji. Nikakwaruza wa pili, na wa tatu.

"Mama Sezariya," nikamwita. "Njoo uone. Haujafa. Umebadilisha rangi tu kwa sababu ya baridi na jua. Mvua zikirudi utakuwa kijani."

Alikuja, akatazama nilipokwaruza. Akanitazama mimi. Mama yule alikuwa ameshaambiwa mambo mengi na watu waliofika kwa magari.

"Huo ni mmoja," alisema.

Hakubishana zaidi. Alitupa chini ile miche aliyokuwa ameishika, akaenda mwanzo wa safu ya kwanza, akainama, akakwaruza kwa ukucha wake mwenyewe. Akaenda wa pili. Wenzake wakachukua safu za pembeni. Kila walipokuta kijani walisema neno moja la Kirundi, "Kiriho", maana yake upo, uko hai. Mara chache walikuta kahawia, wakaupita mche. Mimi nilirudisha udongoni ile iliyong'olewa, nikikanyagia kila mmoja, nikijua kwamba mingi haitashika.

Jua lilipanda juu ya mlima, nyasi zikarudi kuwa nyasi. Sezariya alimaliza safu yake ya mwisho, akanyoosha mgongo, akafuta ukucha kwenye kitenge. Alikuwa hajaniamini tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameuliza kila mti.

"Viazi tutapanda kule juu," aliwaambia wenzake. Wakachukua majembe yao, wakaanza kupanda mlima.